Kabla ya kuandika historia ya marehemu, panda kwanza mpaka shambani kwake

Usiku wa kwanza wa matanga ya papa, baba yetu, hapa kwetu Kadutu mjini Bukavu, wakubwa walinipa kazi ya kuandika historia yake, ile inayosomwa kabla ya mazishi. Kufika saa saba za usiku nilikuwa na mistari sita: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto wanane, ugonjwa, kufa. Mtu aliyelima Kabare, kule vilimani nje ya mji, zaidi ya miaka hamsini na kutulisha sote!

Asubuhi nikapanda Kabare. Ukipewa kazi hii, nakusihi, weka karatasi kando kwanza uende shambani, tena usiende peke yako. Mimi nilikwenda na shangazi pamoja na jirani aliyelima na papa tangu ujana. Niliwaacha watangulie, nikafuata nyuma na daftari.

Kwenye migomba jirani alisimama. Akakumbuka mnyauko ulipoingia: majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Wengi walikata tamaa. Papa alishika mafundisho ya maagronomu, wataalamu wa kilimo: mgomba mgonjwa unakatwa mapema, chini kabisa, panga linapitishwa motoni kabla halijagusa mgomba mwingine, ua dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda, ili wadudu wasilete ugonjwa kupitia hapo. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba jioni, akiisha kumaliza kwake, alibeba makaa kwenye chungu akapita kwa wajane watatu wa kijiji kuwatunzia migomba yao. Nyumbani hakulisema hata siku moja. Ningelipata kwenye karatasi gani?

Halafu tarehe. Ukimwuliza mzee wetu "mwaka gani?", atanyamaza. Mwulize ilikuwa kabla au baada ya wakimbizi wa Rwanda wa 1994, kabla au baada ya vita vya 1996, au lile tetemeko la Februari 2008. Mwulize mashambani kulikuwa na nini. Shangazi alinipangia watoto wote wanane kwa maharagi: mkubwa wetu alizaliwa yale ya Septemba yakichipua, mimi watu wakivuna yale ya Juni.

Kuna neno moja liliniogopesha kuandika. Mwaka mmoja pesa ya shule haikutosha, papa akamtoa shuleni yaya, dada yangu mkubwa, sisi wavulana tukaendelea. Watu wa familia walitaka niliruke. Mimi nikaona si langu wala si lao, nikamwendea yaya mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akasema: "Andika. Na uandike kwamba alikuja kwangu kuniomba msamaha." Kumbe alikuwa amekwenda, baada ya kuacha jembe, na magoti yale yaliyokuwa yanamsumbua. Neno ni la aliyeumia. Mwulizeni yeye kwanza.

Majuto yangu yako hapa. Magoti yalipokataa tulimshusha Bukavu apumzike, akakaa kwangu miaka minne. Kila aliyetoka Kabare alimwuliza kama mvua imeshuka. Na mimi sikumwuliza kitu. Mipaka ya shamba tumekuja kuonyeshwa na majirani, yeye akiwa kaburini, na upande wa bondeni mpaka leo kuna maneno. Kama mzee wako yuko hai, mpandishe hata kwa pikipiki, majirani wawepo, akuonyeshe mpaka kwa mkono wake, nawe uandike siku hiyohiyo.

Siku ya mazishi nilisoma kurasa nne. Nilipofika kwa wale wajane, mmoja wao alisimama katikati ya watu akaanza kulia, nikangoja.

Baadaye mama alifungua gunia la mbegu za papa, maharagi ya kila rangi yamechanganyika kama alivyopenda kuyapanda, akampimia kila mtoto kikopo kimoja. Changu kiko juu ya kabati. Septemba imekaribia, na yaya amesema tutapanda pamoja.