Jibu: "Inflammable" haina maana ya kutoshika moto

Ndugu, umeuliza: kama "incorrect" ni kisicho sahihi, mbona malori ya mafuta yanayoingia Uganda kutoka mpaka wa Malaba yameandikwa "inflammable"? Je, petroli haiwaki? Inawaka, tena vibaya sana! Tafadhali usivute sigara karibu na lori hilo.

Shida ni kwamba Kiingereza kilirithi "in-" mbili kutoka Kilatini. Moja inakanusha, kama "si-" au "ha-" yetu. Nyingine ina maana ya "ndani", au hutia nguvu kitenzi. "Inflammable" inatokana na hiyo ya pili, kupitia kitenzi "inflame", yaani kuwasha. Kwa hiyo "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja: chenye kushika moto upesi. Kisichowaka huitwa "non-flammable". Kwa kuwa kosa la hapa linaweza kuua, mambo ya usalama siku hizi hupendelea "flammable", na mimi naona ni sawa kabisa.

"Invaluable" nayo huwachanganya wanafunzi wengi. Hapo "in-" inakanusha kweli, ila kinachokanushwa ni kukadiria bei: kitu cha thamani isiyopimika. Ukimwambia mwalimu msaada wake ni "invaluable", umemsifu. Usio na thamani ni "valueless" au "worthless".

"Infamous" si asiyejulikana, bali ni mwenye sifa mbaya. Anaweza kujulikana Kampala nzima.

Na ukikutana na "impossible", "illegal" au "irregular", ni "in-" ileile ya kukanusha, imebadilika tu ili ilingane na sauti inayoifuata.