Muulizeni mgonjwa mwenyewe kabla hamjaanza kumficha

Mleta uzi, achana na huo mpango. Unauliza iwapo baba yako mwenye saratani ya kongosho iliyosambaa hadi kwenye ini aambiwe ana vidonda vya tumbo tu, kwa kuwa mjomba anakataza asiambiwe ukweli, na ale nini apate nguvu. Hilo la kwanza, la kumficha, sisi tulilifanya kwa mama alipopata saratani.

Tulimwambia ni uvimbe wa kawaida. Aliyetutia ujinga huo ni daktari: alituita pembeni, akasema "msimkatishe tamaa", kisha akamwendea mama na tabasamu, "dozi zikiisha tutaangalia tena", kama vile anatibu malaria. Mama si mtoto. Uvimbe gani wa kawaida unaopukutisha nywele? Alipoona hatusemi, naye akanyamaza. Akianza tu "siku nikiondoka…" namrukia: "Mama, acha hayo, utapona!" Kwa kukatiza watu maneno nilistahili kombe. Alipozidiwa, fahamu zinakuja na kupotea, ndipo akaanza kumtaja mdogo wake waliyekuwa hawasemezani. Mama mdogo alifika mbio, akashika mkono wa mtu asiyemtambua. Mpaka leo haongei na mimi, na sina cha kumjibu.

Na kemo, zile dawa kali za saratani, alipigwa hadi mwisho, akitapika, akidhani inamponya. Wako wengi wa hivyo: utafiti wa Marekani uliotoka 2012 ulikuta asilimia 69 ya wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, wakiwa kwenye kemo, hawakuelewa kwamba haitarajiwi kuwaponya.

Kwa hiyo muulizeni yeye kwanza: "Baba, ugonjwa wako unauelewaje? Ungependa kujua kiasi gani?" Akisema hataki, sawa, lakini aseme yeye, si mjomba. Akitaka, daktari aulizwe mbele yake: dawa hii inaponya au inapunguza kasi tu? Daktari akitaja muda wa kuishi uliobaki, msikubali namba moja. Akisema kwa kawaida ni miezi sita, mara nyingi maana yake nusu ya wagonjwa wa aina hiyo walivuka hapo na nusu hawakufika. Aseme ikienda vizuri itakuwaje, ikienda vibaya itakuwaje.

Huyo mjomba anayedai "mkimwambia atakufa kesho", mpeni zamu ya usiku, ajibu yeye baba akiuliza mbona vidonda vya tumbo vinamfanya macho kuwa ya njano. Baba muulizeni wiki hii, angali anaweza kuketi mwenyewe.