Palm ya Baba na Laptopu Mpya

Jumamosi iliyopita dada mmoja wa Njombe aliniandikia: "Kaka, marehemu mume wangu aliacha kidaftari cha umeme aina ya Palm, bado kinawaka. Fundi ananiambia nitupe, eti hakuna kompyuta inayokikubali tena. Ni kweli?" Dada yangu, si kweli. Siku tisa kabla ya ujumbe wako, usiku wa baridi hapa Sokomatola, Mbeya, Palm IIIxe yangu ilizungumza na laptopu mpya kwa mara ya kwanza. Nilipiga magoti sakafuni. Mke wangu alikuja mbio akidhani nimepokea habari ya msiba.

Nianzie mbali, mnivumilie. Niliinunua Kariakoo mwaka 2004 nikiwa mwanafunzi, mtumba, pamoja na kitako chake cha kuisimamishia. Toleo hilo lilitoka mwaka 2000: memori ya megabaiti 8, betri mbili ndogo za AAA, kioo kisicho na rangi. Kila likizo nilikwenda nayo Tukuyu. Jioni tulikaa jikoni na baba, mvua ya Rungwe ikipiga bati, yeye akisimulia, mimi nikiandika kwa kijiti cha plastiki, herufi baada ya herufi, kwa ule mwandiko wa Palm ambao A haina mstari wa katikati. Majina ya mababu. Nani alimwoa nani, na ng'ombe wangapi walitoka. Mpaka wa shamba: anzia kwenye jiwe, shuka hadi kijito, mkuyu ubaki kushoto kwako. Andiko moja kwenye Palm ile haliendi mbali zaidi ya herufi kama 4,000, kwa hiyo simulizi la baba lilikatwa vipande 31. Ninyi mnaosoma hapa mnataka kama mimi, watoto wenu wajue walikotoka, basi mnaelewa kwa nini kitu kile kilikuwa na thamani kuliko simu zote nilizowahi kushika.

Baba alifariki Mei 2011. Juni, wiki tatu baada ya kumzika, nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Kumbukumbu kwenye mashine zile zinashikiliwa na umeme wa betri tu. Ukizitoa una kama dakika moja ya kuweka nyingine. Baridi ya Mbeya ilikuwa imezilegeza betri, nikazitoa, na hapohapo umeme ukakatika. Nilipapasa mezani gizani kutafuta mpya. Nilipozipata na kuziweka, Palm iliwaka ikinitaka nigonge alama kwenye kioo, kama imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Tupu.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na nakala ya Desemba. Nikarudisha vipande 27. Vile vinne vya mwisho, alivyonisimulia Pasaka akiwa amelala kitandani, havikurudi. Nakumbuka alitaja shangazi yake aliyeolewa Kyela. Jina la shangazi huyo sina. Wazee wa kuwauliza wameisha.

Baadaye kompyuta ile nayo ikafa, na vipande 27 vikabaki ndani ya Palm peke yake. Miaka yote hiyo nimeilea kwa betri, tochi imewashwa pembeni, betri mpya zimeshatolewa kwenye karatasi yake kabla sijagusa kifuniko. Ndugu zangu walicheka. Fundi mmoja mjini aliigeuzageuza mkononi akasema, "Mzee, hiki peleka makumbusho." Sikumjibu. Lakini Jeff Hawkins aliyebuni Palm ya kwanza alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akikitoa na kujifanya anaandika, ili ajue kama mtu ataweza kuishi na kitu cha ukubwa huo. Kazi iliyoanza hivyo haistahili dharau ya mtu ambaye hajaifungua.

Sasa njia yenyewe. Kitako cha IIIxe kina waya wa siriali, ule wa zamani wenye matundu tisa, na laptopu za leo zina USB tu. Unahitaji adapta. Ya kwanza niliinunua kwa bei nafuu, Windows ikakataa kuianzisha. Ndani ilikuwa na chipu ya Prolific PL2303 ya aina ya zamani, na draiva mpya za Windows, yaani programu za kuiendesha adapta, huzikataa chipu hizo pamoja na zile za kuigiza. Muuzaji hakutaka hata kunisikiliza, achilia mbali kunirudishia pesa. Ya pili, yenye chipu ya FTDI, iliagizwa Dar ikaja kwa basi. Tafuta hiyo moja kwa moja, usipitie nilikopitia mimi.

Niliachana na Windows, nikatumia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na programu ya pilot-link inayozungumza na Palm. Unaandika:

pilot-xfer -p /dev/ttyUSB0 -b palm

kisha unabonyeza kitufe cha HotSync kwenye kitako, kile cha kuanzisha mazungumzo na kompyuta. Siku mbili nzima ilinigomea kwa sababu jina langu halikuwa kwenye kundi la dialout, yaani kompyuta haikuniruhusu kugusa tundu lile. Nikajiingiza kwenye kundi hilo, nikatoka kwenye kompyuta, nikaingia upya, nikapunguza mwendo kwa PILOTRATE=9600. Majina ya mafaili yakaanza kupita kwenye kioo: AddressDB, DatebookDB, MemoDB. Nililifungua faili la MemoDB, lenye maandiko, kwa programu ya kawaida ya kuandikia, na katikati ya alama za ajabuajabu nikaona jina la babu yangu.

Kama Palm yako ni ya USB, mfano m500 au Zire, bonyeza HotSync kwanza, kwa sababu Linux huiona pale tu inapoanza kuita. Palm yenyewe haikutoa draiva ya USB kwa Windows za biti 64, zilizo kwenye laptopu nyingi za leo. Wengine huweka Windows XP ya zamani ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine, nayo inafanya kazi.

Na tafadhali, usikimbilie kulandanisha, yaani kulinganisha yaliyomo, na kalenda ya simu. Chukua nakala kwanza. Nakala kwanza, kabla ya kubadili betri, kabla ya kumpa fundi, kabla ya kumwonyesha shemeji. HP iliinunua Palm mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa vyake. Hakuna atakayekuja kukuokolea. Nasema hivi hata kwa wewe unayeweka sauti ya mama yako kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka na kujiambia utaihamisha Jumapili. Jumapili ipi? Mimi nilikuwa na Jumapili kuanzia Desemba hadi Juni.

Vipande 27 nimevichapa kwenye karatasi. Nakala moja iko kwa dada yangu Tukuyu, nyingine kwa mdogo wetu Makambako. Kwenye ukurasa wa mwisho nimeacha mstari mtupu wa shangazi wa Kyela.

Dada wa Njombe, angalia nyuma ya kitako kama waya ni wa matundu tisa au wa USB, kisha niandikie. Adapta ninayo, njoo na Palm hiyo Mbeya hata wiki hii. Betri usizitoe.