Nkambo abaki nyumbani?

SWALI: Yaya, dada yangu, nisaidie. Tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi, mimi, bwana yangu, watoto wanne na mama mkwe, yaani nkambo (bibi) wa watoto. Tangu likizo kubwa ianze tunatoka kila Jumapili: mara zoo, mara kwa shemeji kule Ruashi. Nkambo anaumwa magoti, kwa hiyo binti yangu mkubwa, wa miaka 12, ndiye anayebaki naye. Juzi nilimkuta analia nyuma ya nyumba. Bwana yangu anasema mtoto wa kike azoee kutunza wakubwa, tena nkambo mwenyewe hapendi matembezi. Nifanye nini?
Mama wa watoto wanne, Katuba

JIBU: Mdogo wangu, umenigusa panaponiuma. Mimi pia nilikuwa namwacha mama yangu nyumbani, karibu miaka miwili. Kila nikimwuliza, "Mama, twende?" jibu lake lilikuwa, "Nendeni tu, nitaangalia nyumba." Nikaamini. Kumbe alikuwa anaogopa kutuchelewesha, na kutulipisha taksi kwa sababu ya miguu yake.

Nilikuja kujua Jumamosi moja ya mwezi wa 7, nilipomvalisha koti nikamwambia gari limeshafika mlangoni. Tulikwenda makumbusho ya hapa Lubumbashi. Mama alizaliwa Bukama, kando ya Lualaba. Watoto wangu walipita mbio mbele ya misalaba ya shaba, kwao ni ile tu ya bendera ya Katanga. Mama akasimama. Akaomba kiti, akaletewa, akaanza kuwaeleza kwamba zamani, kabla Mzungu hajafika, msalaba kama huo ulikuwa pesa, na watu walitoa mahari kwa misalaba hiyo. Hakukosea: kule Sanga, upande wa maziwa ya Upemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta makaburi ya zamani, wafu wamezikwa na misalaba midogo ya shaba. Kijana wangu akamwuliza, "Nkambo, wewe walikutolea mingapi?" Alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye, akasema, alitolewa franka na mbuzi wawili. Nilikuwa na miaka 41 siku ile, na mahari ya mama yangu ndiyo kwanza naisikia.

Kwa hiyo usikubali upesi kwamba hapendi. Mwulize ukiwa umeshaandaa safari.

Chagueni mahali ambapo gari linafika karibu na mlango, pana kivuli na pa kukaa. Zoo nayo inafaa, ila msizunguke yote. Akae sehemu moja, watoto waende na kurudi wakimsimulia. Kwa makumbusho, ulizeni kwanza siku na saa za kufungua. Tokeni saa nne, jua likishapasha, maana baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inayatesa sana magoti, na saa nane muwe mmerudi. Chukueni kiti chake cha plastiki, hata watoto wakiona haya. Viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, vitoke nyumbani. Pesa ambayo mngenunulia chakula njiani itasaidia kulipa taksi.

Sasa binti. Kutunza wakubwa ni jambo jema, na bwana yako hajakosea hapo. Lakini mtoto akibaki yeye tu, Jumapili baada ya Jumapili, ataanza kumwona nkambo kuwa ndiye anayemnyima matembezi. Ukishamkuta analia nyuma ya nyumba, ujue ameshaanza. Wadogo zake nao wana mikono ya kumpa nkambo maji na kumshika akiinuka, wavulana kwa wasichana.

Zungumza na bwana yako usiku, watoto wakishalala, wala si mbele ya mama yake. Na Jumapili ambayo magoti yatakataa kabisa, abaki bwana yako, kwa kuwa ni mama yake aliyemzaa. Wewe toka na watoto wote wanne.