Dhahabu ya Kilwa ilitoka wapi

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unasema umezunguka magofu yote ya Kilwa Kisiwani na muongozaji akashindwa kukujibu, eti mji hauna mgodi hata mmoja, sasa ule utajiri walitoa wapi.

Dhahabu haikuwa yao bwana. Ilichimbwa bara huko, upande wa Zimbabwe ya leo, ikashushwa mpaka Sofala, Msumbiji, ndo ikapanda chombo kuja Kilwa. Utaniuliza kwa nini mfanyabiashara wa Uarabuni au India asijiendee mwenyewe Sofala. Upepo! Anakuja na kaskazi kuanzia Desemba hivi, anatakiwa arudi na kusi, sasa akijitia kusonga mbele ya Kilwa msimu unamkatikia, anakwama mpaka mwaka mwingine, mtaji umelala na mabaharia wanakula tu. Kwa hiyo anaishia Kilwa, na Wakilwa wanajua hana ujanja, wanamtoza ushuru wanavyotaka. Ni kama wale wa hoteli pale mabasi yanaposimama watu wachimbe dawa, chipsi bei ya kuruka na bado unanunua.

Ile Husuni Kubwa uliyonipigia picha, jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane, ndo ushuru wenyewe huo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331 akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, mkarimu mpaka wakamwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi (ukarimu wa hela za ushuru sio mgumu sana, ila haya). Ibn Battuta huyo huyo anaandika kwamba sultani alikuwa akivamia watu wa bara na kuchukua ngawira, nadhani hiyo muongozaji kairuka.

Sarafu zao niliwahi kuziona makumbusho, vishaba vidogo, upande mmoja jina la sultani upande wa pili kumtaja Mungu, na pande zote mbili zina vina kama shairi. Moja ya huyo al-Hasan ilikutwa Great Zimbabwe kabisa, ule mji wa kale wa mawe huko bara.

Na mtu akikaa miezi anasubiri upepo anaoa, anazaa, ndo sisi hao. Sikiliza tu dukani kwangu: duka, bei, faida, hasara ni Kiarabu, bandari Kiajemi, ila kununua, kuuza na kulipa ni Kibantu kitupu.

Halafu kile kigae cha kijani ulichokishika kwenye picha, walikuwa wanaletewa mabakuli ya hivyo toka China. Kirudishe ulipokiokota kabla boti haijaondoka, usiniletee kesi.

Baba yako