Jibu: Filamu ya mapenzi ya vitani ya kutazama na mama

Pole sana dada. Nimekuelewa: mmeipenda Casablanca, sasa unataka nyingine kama hiyo, ila mama bado ana majonzi ya kufiwa na baba.

Waterloo Bridge ya 1940 iache kwa sasa. Myra, mhusika mkuu wa kike, anajiua mwishoni, palepale darajani.

Jaribu The Cranes Are Flying, ya Wasovieti, 1957. Nayo ni nzito, Boris anakwenda vitani na harudi kwa mpenzi wake Veronika. Lakini ule mwisho! Veronika, machozi yakimtiririka, anawagawia maua yake askari waliorudi na jamaa zao pale stesheni. Mimi hapo hulia kila mara.

Itazame peke yako kwanza. Mama akikosa usingizi siku nyingi, mpeleke kwa mshauri nasaha. Akisema hataki kuishi, daktari siku hiyohiyo.