Mafuta ya tumbo na saratani ya damu

SWALI: Daktari, nina miaka 49, naishi Umoja na kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa. Nina kilo 104, urefu mita 1.70. Kaka yangu alifariki kwa mayeloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho. Nimeambiwa nipunguze uzito kwa sababu mafuta huleta saratani ya damu. Mafuta ya tumboni yanafikaje kwenye damu?

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Mafuta yenyewe hayaendi popote. Ila tishu za mafuta si ghala tu, zinafanya kazi kama tezi. Zikizidi, humwaga interlukini-6 kwa wingi, na hiyo ndiyo protini ambayo seli za mayeloma huitegemea kukua ndani ya uboho. Insulini nayo hupanda, huku adiponektini, homoni inayozuia ukuaji huo, ikishuka.

Gawanya kilo zako kwa urefu, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu: unapata 36. Unene wa kupindukia huanzia 30. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mayeloma kati ya saratani 13 zenye ushahidi wa kutosha kwamba kuepuka unene hupunguza hatari. Kwa wanene sana hatari hiyo ni kama mara 1.5 ya wenye uzito wa kawaida. Lukemia na limfoma, saratani nyingine za damu, zina ushahidi hafifu zaidi, kwa hiyo "saratani ya damu" kwa jumla ni kauli pana mno.

Usishtuke. Mayeloma ni ugonjwa wa nadra, na mara moja na nusu ya kidogo bado ni kidogo. Lakini kwako kuna kaka, na sisi Waafrika huupata zaidi ya Wazungu. Hayo huwezi kuyabadilisha, uzito unaweza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mgongo, kwa sababu mayeloma hula mifupa na mara nyingi hujitokeza kama maumivu hapo. Hapa Nairobi kila maumivu ya mgongo hulaumiwa kiti cha matatu, mtu anapita kwa kemisti, anachomwa diklofenaki ya kutuliza maumivu, wiki ijayo tena. Ikiwa ni mayeloma, dawa hiyo inaweza kumalizia figo zilizokwisha kuumia. Mgongo ukiuma usiku kwa wiki kadhaa, au uchovu na maambukizi yakirudiarudia, omba upimwe damu kamili, kalsiamu, kreatinini (kipimo cha figo) na elektroforesisi ya protini (kipimo kinachoonyesha protini zisizo za kawaida za mayeloma). Mtajie daktari kaka yako kabla hajaandika chochote. Na kilo zikishuka bila wewe kujinyima wala kufanya mazoezi, usifurahie, nenda ukapimwe.